Ufunguo Haulali Nje

Kila kulipopambazuka, Dada Maji alifungua vali ya Juu, akapindua ndoo, akaikalia, akatoa sindano na nguo ya mtu, akashona huku sikio moja likisubiri sufuria ya bibi.

Sufuria ile ndiyo iliyokuwa saa ya mtaa mzima. Tangi lilisimama juu ya mnara wa chuma katikati ya mtaa, na kutoka pale bomba moja lilipanda kwenda Juu na jingine likateremka kwenda Chini. Juu walipewa kwanza, tangi likiwa limejaa na maji yana nguvu ya kupanda. Nyumba ya mwisho kabisa kule Juu ilikuwa ya bibi mmoja mwenye mkono mzito, na pipa lake likijaa alitoka uani, akapiga kitako cha sufuria kwa mwiko mpaka mbwa wakabweka. Hapo ndipo Dada Maji aliposimama, akafunga Juu, akafungua Chini. Walikuwepo vijana waliouliza kwa nini bibi asipige simu tu, na simu zimejaa tele. Bibi aliwajibu kwamba simu huishiwa chaji, sufuria haiishiwi.

Asubuhi moja, alipokuwa amefika kwenye pindo la sketi ya shule, amebakiza kona tu, lori lilikuja kinyumenyume mpaka karibu limguse goti, likainua mgongo na kumwaga matofali.

Kunguru waliruka wote kwa pamoja. Vumbi lilipanda likaufunika mlango wa banda la pampu.

"Kaka! Hapa ni kwenye pampu!" alipiga kelele, ingawa kelele yake ndiyo ile ambayo watu wengine huiita kuongea.

"Ndipo tulipoambiwa, dada," dereva alijibu akiwa ametoa kichwa dirishani. "Matofali ya chumba."

"Chumba cha nani?"

"Cha mtu wa pampu. Mwenyekiti wenu ndiye aliyeagiza. Mimi nashusha tu, dada. Nani analala wapi, hayo siyaingilii." Utingo wake akacheka, akaanza kurusha yale matofali machache yaliyobaki.

Mtu wa pampu. Sindano ilimchoma kidole asiihisi. Tangu baba yake afariki, mtu wa pampu alikuwa yeye, na yeye nyumba alikuwa nayo, ile ya marehemu, alikoishi na shangazi yake. Mtu mwenye nyumba hajengewi chumba. Basi chumba kilikuwa cha mtu mwingine, mtu mgeni asiye na pa kulala. Basi Mwalimu, yule mwenyekiti, alikuwa amemwelewa kweli!

Alibaki amesimama, sketi imening'inia mkononi, anatazama yale matofali kama mtu anayetazama wageni wa heshima. Kule Juu bibi alipiga sufuria yake, mlio ukamezwa na kishindo. Akapiga tena. Akapiga mara ya tatu akiwa na hasira zake.

Aliyemzindua ni Kinyozi wa Chini, aliyepanda mbio na mkasi mkononi.

"Dada Maji! Leo Chini tumekukosea nini? Kule Juu maji yanatiririka barabarani, bata wanaogelea, na mimi mteja nimemwacha na povu kichwani kama keki ya harusi!"

"Samahani, kaka. Samahani sana. Sikuisikia sufuria."

"Hukuisikia? Bibi amepiga mpaka mwiko umekatika! Sasa hivi anakuombea dua, na si dua njema."

Alikimbia kuzungusha vali. Kinyozi akayaona matofali, akasahau ugomvi. Uso wake ukachangamka, kisha akauficha mdomo kwa kiganja, mkasi ukiwa umemwelekea puani.

"Aa," alisema. "Yameshafika. Mimi sijasema kitu." Akateremka zake akijichekea.

Dada Maji naye alicheka kidogo, peke yake. Kumbe mtaa mzima unajua, aliwaza. Wote wanajua kwamba ninaondoka, na hakuna aliyekasirika.

*

Ufunguo haulali nje. Sheria ile haikuandikwa mahali popote, lakini hapakuwa na mtoto wa mtaa ule asiyeijua.

Zamani, watu wa Juu na wa Chini walichimba mtaro kwa mikono yao, na fundi aliyewalazia mabomba alikuwa baba yake Dada Maji. Siku moja fundi alisafiri kwenda kuzika, akaacha ufunguo wa banda kwa kijana wa Juu. Kijana alikuwa na ndugu wengi. Fundi aliporudi alikuta wanaume wa Chini wamelizunguka tangi na marungu, hawajapata tone tangu aondoke. Kwa bahati hakuna aliyeumia ila kijana mwenyewe, aliyeparamia mnara akaogopa kushuka. Watu wakakaa, wakakubaliana: ufunguo usilale tena nje ya nyumba ya fundi. Nyumba ile, ingawa ilikuwa mbali kidogo na tangi, ilikuwa mpakani kabisa. Haikuwa ya Juu, haikuwa ya Chini, na wanaoishi ndani yake hawakuwa na wa kumpendelea.

Fundi alipofariki, hakuna aliyeuliza ufunguo utakwenda wapi. Ulikuwa umeshafika. Asubuhi ya mazishi Dada Maji aliondoka katikati ya wanawake waliokuwa wakilia, kichwa kimefungwa kanga, akaenda kufungua vali, kwa kuwa waombolezaji lazima wanywe na wanawe. Walimsifu kwa hilo kuliko walivyompa pole.

Mdogo wake alipoolewa, katika mji ulio mwendo wa siku nzima kwa basi, Dada Maji ndiye aliyeshona gauni. Alilishona kwa mkono, kando ya vali, akilifunika kwa shuka ili lisipate kutu ya bomba. Siku ya safari pampu ilikohoa, ikazima. Gauni lilipanda basi, yeye akabaki akimshikia fundi wa umeme tochi. Baadaye aliletewa picha. Gauni lilikuwa limemkaa mdogo wake vizuri, mkono wa kushoto tu ndio uliozidi kidogo, na mpaka leo kila akiitazama picha ile jicho lake huenda kwenye ule mkono wa kushoto.

Hakuwa na pa kulalamikia. Angemlalamikia nani? Hakuna aliyemfunga. Akipita njiani watu walimsogezea kiti. Watoto walipiga makofi, "Dada Maji! Dada Maji!", na wapo watu wazima ambao hata jina lake jingine hawakuwahi kulisikia. Mzigo wa mwenzio kanda la usufi, wahenga walisema. Na mzigo ambao mwenyewe haulalamikii huonekana kama pambo.

Ndipo mdogo wake, akiwa sasa mjamzito na ameshafungua kibanda chake cha ushonaji, alipoanza kumpigia kila Jumapili.

"Dada, nimenunua cherehani ya pili. Njoo. Oda za sare zinanizidi, miguu imevimba kama mito ya kulalia. Na mtoto akija, nani atanishikia?"

"Nitakuja, mdogo wangu."

"Utakuja lini? Kuna binti hapa anaiomba hiyo cherehani kila siku. Mwisho wa mwezi nampa, dada, sina njia. Usije ukanilaumu."

Basi alijikaza. Alikwenda kwa mwenyekiti wa kamati ya maji, mwalimu mstaafu ambaye hata wajukuu wake humwita Mwalimu. Njiani alikuwa ameipanga sentensi yake kama mtu anayekwenda kutahiniwa: Mwalimu, ninaomba mtafute mtu mwingine, mimi nataka kwenda kuishi kwa mdogo wangu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa. Maji hayajambo?"

"Hayajambo. Mwalimu, nimekuja… Ni hii njia. Kila asubuhi, mvua ikinyesha, nikiumwa… Mwalimu, mimi nimechoka."

Na hapo, kabla sentensi yenyewe haijatoka, machozi yalitangulia. Mwalimu alitaharuki. Katika miaka yote hakuwa amemwona akilia, hata siku ya msiba. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Usiseme zaidi, mwanangu," alisema, na sauti yake ilikuwa na huruma ya kweli. "Mtu mzima haambiwi mara mbili. Tumekuonea. Niachie mimi."

"Lakini sijamaliza…"

"Nimekuelewa kabisa. Niachie mimi."

Naye akamwachia. Alirudi nyumbani akiwa mwepesi kama mtu aliyetua mtungi. Zilipita siku, kimya. Kisha yakaja matofali.

*

Jumapili iliyofuata yeye ndiye aliyempigia mdogo wake, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Mwambie yule binti atafute cherehani nyingine."

Mdogo wake akalia, akacheka, akaanza kueleza kitanda atakiweka wapi.

Kuta za kile chumba zilipanda upesi. Wanaume wa Juu walichanganya udongo na saruji, wa Chini wakapanga matofali, wakitaniana. Yeye akipita, wote waliacha kuongea, wakainama kazini wakibana vicheko. Alidhani wanamwonea haya kwa sababu ya kuagana. Hata hivyo alimwonea huruma huyo mtu mgeni, atakayeanza kazi ya watu asiowajua. Dirisha lilipotiwa fremu alilipima kwa shibiri, akanunua kitambaa chenye maua madogo ya buluu, akashona pazia. Likiwapo pazia, mgeni ataona alitarajiwa.

Shangazi yake alimkuta anapiga pazia pasi.

"La nani hilo?"

"La chumba cha pale kwenye pampu, shangazi."

Shangazi alimtazama muda mrefu. Alikuwa mwanamke wa maneno makavu. Tangu kaka yake afariki, kila jioni aliukagua ule ufunguo ukutani kabla hajaketi kula.

"Kwa hiyo umeshaambiwa."

"Nimeona tu mwenyewe. Shangazi… nikisafiri, wewe utabaki na nani?"

"Usafiri uende wapi na maji haya?" Shangazi aliugeuza uso. "Maneno gani hayo. Pasi hiyo itaunguza kitambaa."

Wakati huo huo mtaa ulikuwa na jambo jingine kubwa. Pampu ilikuwa imezeeka. Ilikuwa ikikohoa, ikizima, na kila ikizima beseni lilipitishwa nyumba kwa nyumba ili watu wachange, na safari hii wachangaji walikuwa wameanza kufunga milango wakilisikia linakuja. Baraza la mji lilisikia, likamtuma afisa wa maji, mama mmoja wa makamo mwenye begi kubwa na viatu vya vumbi. Alisema mji uko tayari kuweka pampu mpya, kubadilisha mabomba, na kuajiri watu watakaopokezana zamu kwa mshahara. Lakini mali yote ingekuwa ya mji.

"Fedha ya umma haiwezi kuwekwa kwenye mali ya kikundi," alieleza. "Siku mkigombana mkafunga banda, mimi nitamwambia nini mlipa kodi?"

"Na sisi si umma?" Mwalimu aliuliza, na watu wakapiga makofi.

Yule mama hakucheka, wala hakukasirika. "Ninyi ni sehemu ya umma, Mwalimu. Sehemu si wote."

Watu walikuwa na sababu za kuogopa. Mtaa wa ng'ambo ya reli ulikuwa umekabidhi maji yake kwa baraza, pampu ikaungua, na mabomba yakakohoa upepo kwa muda mrefu huku makaratasi yakizunguka kutoka meza hadi meza yakitafuta sahihi. "Yetu ni yetu," alisema Kinyozi. "Hata yakiwa mabovu, ubovu ni wetu." Ilipangwa Jumamosi wakutane darasani, wampe yule mama jibu lao.

Mwalimu alikuja mwenyewe mpaka kwenye vali.

"Mwanangu, nataka Jumamosi uzungumze wewe. Mimi wamenizoea, nikifungua mdomo wanasinzia. Lakini binti wa fundi akisimama akasema hatutaki, yule mama atafunga begi lake mwenyewe."

Siku nyingine angetafuta pa kujificha. Lakini siku ile alimtazama yule mzee aliyekuwa amemwelewa, aliyemtafutia mtu na kumjengea, akaona atalipaje fadhila ile kama si kwa maneno machache. Mgeni angekuja, mtaa ungebaki na maji yake, yeye angepanda basi. Kila mtu angepata chake.

"Nitasema, Mwalimu," akajibu.

*

Jumamosi mchana walimpitisha kwanza kwenye chumba.

Alidhani wanakwenda kumkaribisha mgeni, akawa amevaa viatu vyake vizuri. Watu walikuwa wamejipanga kutoka barabarani mpaka mlangoni, wa Juu mkono huu na wa Chini mkono ule. Afisa wa maji naye alikuwapo, amesimama pembeni na begi lake. Bibi wa nyumba ya mwisho, aliyekuwa ameshamsamehe, alipiga kigelegele ambacho hakikuendana na umri wake.

Dada Maji alitafuta kwa macho sura asiyoifahamu. Hakuiona.

"Mwanangu," Mwalimu alianza, na kikohozi cha hotuba kikamtoka. "Ulikuja kwangu ukilia. Ulisema njia imekuchosha. Nami nilisema moyoni, aibu iliyoje! Mtoto huyu anatutumikia, na sisi tunalala wakati yeye anatembea kwenye umande. Nikawaambia wenzangu. Na sijawahi kuona watu hawa wakikubaliana upesi vile, Juu na Chini, bila matusi. Fungua."

Mtu alimtia ufunguo mpya mkononi. Hakuwa na la kufanya, akafungua.

Ndani kulikuwa na kitanda kilichotandikwa shuka nyeupe, kiti, meza ndogo, na kwenye ukuta wa upande wa banda wamempasulia tundu la kioo ili aione vali bila hata kunyanyuka kitandani. Dirishani lilining'inia pazia lenye maua madogo ya buluu.

"Hutatembea tena!" alisema Mwalimu. "Unaamka, unanyoosha mkono, umefika!"

"Akizeeka tutamwekea kamba," Kinyozi alidakia. "Anaivuta na kidole cha mguu, vali inafunguka!"

Kicheko kilijaa chumba. Wanawake walimsukuma kwa upole akae kitandani, ajaribu. Akakaa. Godoro lilikuwa jipya, bado lina nailoni yake, likalia chini yake. Alilitazama lile tundu la kioo. Vali ilikuwa pale, karibu kabisa, nyekundu, imejaa kioo kizima. Machozi yakaanza kumtoka, na watu walipoyaona vigelegele vikaongezeka.

"Furaha hiyo!" alisema mama mmoja wa Juu, akimfuta kwa ncha ya mtandio wake. "Lia, mwanangu, lia. Unastahili."

Dada Maji alifikiria kusema hapo hapo, lakini angesemaje? Kila tofali lilikuwa limebebwa na mtu anayempenda. Watu waliofungia beseni milango walifungua milango hiyo hiyo kwa ajili ya chumba chake. Angekuwa na adui mbele yake, pengine angepata nguvu. Mbele yake walikuwapo mama mwenye mtandio, Kinyozi, na bibi wa sufuria. Shangazi yake peke yake ndiye aliyebaki nje ya mlango, hapigi kigelegele, anamtazama usoni kama mtu anayesoma maandishi madogo.

*

Darasani watu wazima walijibana kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Afisa wa maji aliwekwa mbele, kwenye kiti cha mwalimu. Ubaoni hesabu za wiki iliyopita hazikuwa zimefutwa vizuri.

"Mama afisa," Mwalimu alisema, "sisi hatuna maneno mengi. Anayetusemea ni binti wa fundi aliyelaza mabomba haya. Umeona mwenyewe tulivyomtunza, kwa hiyo usiseme hatuwezi kutunza mali. Mwanangu, mwambie."

Alisimama, akashika ukingo wa dawati.

"Kwanza nawashukuru," alisema.

"Sauti!" watu wa nyuma wakaitika.

"Nawashukuru wote. Kwa chumba. Hakuna aliyewahi kunifanyia jambo kama lile."

Makofi. Yule mama mwenye begi alikuwa akimsikiliza kwa makini, kalamu ameiweka chini.

"Baba yangu aliyapenda maji haya. Alikuwa akisema bomba ni kama mtoto, halisemi linapoumia, ni mpaka uligundue."

"Umesikia hayo?" Mwalimu alimgeukia afisa. "Ana maana kwamba sisi tunalijua bomba letu. Ninyi mtaligundua lini, kutoka ofisini?"

"Lakini pampu imezeeka," Dada Maji aliendelea, upesi kidogo. "Ikizima tena sidhani kama itawaka."

"Ana maana tutachanga. Tutachanga, mama afisa! Beseni lipo."

"Sina maana hiyo, Mwalimu. Watu wamechoka kuchanga. Na mimi… mimi pia nimechoka."

"Ndiyo maana tumekujengea!" alisema Mwalimu kwa ushindi, na darasa zima likacheka kwa wema, wengine wakigonga madawati. Kinyozi akapiga mluzi. Mtu akaanza kuimba, wengine wakamfuata. Mwalimu alikuwa ameshaunyoosha mkono kumwonyesha akae, amefanya vizuri, imetosha. Na magoti yake, yakiwa yamezoea kutii, yakaanza kukunjika.

"Mwalimu!"

Wimbo ulikatika. Shangazi alikuwa amesimama kwenye dawati la pembeni, mtandio umemwanguka begani na hakuuokota.

"Mwalimu, mwache mtoto amalize."

"Si amemaliza, dada yangu?"

"Hajamaliza. Tangu kaka yangu afariki mtoto huyu hajawahi kumaliza sentensi hata moja mbele yetu. Sisi ndio tunaommalizia. Hata mimi." Sauti yake ilipasuka kidogo. "Nimemwona leo juu ya kile kitanda. Nimeuona ule uso. Sema, mwanangu. Na asimalizie mtu."

Nje bata walisikika.

Dada Maji aliyanyoosha magoti. Alimtazama Mwalimu, kwa sababu ilikuwa haki ya Mwalimu kuambiwa usoni.

"Siku ile nilikuja kwako kukwambia jambo, Mwalimu, machozi yakanitangulia. Sikuja kuomba nyumba karibu. Nilikuja kuomba mtafute mtu mwingine. Nilipoona matofali nikadhani ni ya huyo mtu. Lile pazia nilimshonea yeye."

Mwalimu alifungua mdomo, akakumbuka, akaufunga. Mama wa Juu aliyemfuta machozi aliutazama mtandio wake.

"Hapa tunasema maji ni yetu sote," aliendelea, na sasa hata wa nyuma walimsikia. "Wakati wa kunywa ni kweli. Wakati wa kuyafungua ni yangu peke yangu, kwa sababu Juu hamuwaamini Chini, na Chini hamuwaamini Juu. Mimi ndiye niliyewekwa katikati mpaka mtakapoaminiana, na mimi nimevuka miaka thelathini nikisubiri. Mama afisa, sijui kama baraza litayatunza. Ng'ambo ya reli tumeona. Lakini umesema watakuwa watu wa kupokezana, wenye mshahara, na mmoja akiugua mwenzake anashika. Kwangu hilo ni kubwa kuliko pampu. Kwa hiyo Mwalimu akiniambia niseme hatutaki, siwezi kulisema. Mimi nataka mji uyachukue."

Minong'ono ilipita kwenye madawati kama upepo kwenye mahindi. "Haa!" mtu alisema. Kinyozi alikuwa amevua kofia yake na anaitazama ndani.

"Na ninyi mkikataa, kataeni, ni haki yenu," alisema. "Chagueni watu, wa Juu na wa Chini, wapokezane. Nitawafundisha mpaka Ijumaa. Lakini mimi naondoka. Mdogo wangu ana mimba, ana cherehani ananingoja nayo, na harusi yake sikuiona. Sitaki kulala katika kile chumba, Mwalimu, hata mara moja. Nawapenda, na ninataka kuondoka."